Turbo kwenye 1NZ ya IST

Kaka, umeuliza kama turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, inaingia kwenye 1NZ-FE, injini ya Toyota IST, bila kuifungua. Inaingia, ila shida ni kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini hiyo imetoka kiwandani na 10.5:1, ukiisukumia hewa zaidi, petroli inawaka kabla ya wakati wake na utasikia inagonga, kama kokoto ndani ya kopo. Mimi nilipuuza mlio huo siku mbili tu. Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imemeguka pale kati ya ringi na ringi, na vipande vimechora ukuta wa silinda.

Anza na presha ndogo ya turbo, psi 5 au 6, na usiikanyage kabla hujaweka nozeli kubwa za petroli na kompyuta ya injini kupangwa upya. Pesa yako iende huko kwanza, turbo yenyewe baadaye. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, usiiache. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo literemke bila kona hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, litokee juu ya usawa wa oili. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ikikwama inavujia kwenye ekzosi, unaanza kuona moshi wa bluu.