Bastola Ipi Ifungwe Kiwambo cha Sauti?

SWALI

Ndugu Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Fort Worth, Texas, kwa kibali cha makazi ya kudumu. Baada ya kujaza fomu, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, nimeidhinishwa kumiliki kiwambo cha sauti cha bastola, yaani kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio, cha kaliba (upana wa risasi) ya milimita 9. Kilichonisukuma ni masikio, kwani sikio langu la kushoto limeanza kufifia na mke wangu hulazimika kunirudia maneno mara mbili. Sasa natafuta bastola ya kukifunga. Rafiki yangu mmoja ananishauri nichukue ya .45, kwa kuwa risasi yake huenda polepole na ni kimya zaidi. Mwingine anasema bastola yoyote ya kisasa inafaa mradi nibadilishe mtutu. Mke wangu hufuatana nami uwanja wa shabaha kila Jumamosi na angependa kuitumia pia. Nichukue ipi?

Msomaji, Fort Worth

JIBU

Ndugu yangu, pole kwa sikio. Naanza na ushauri wa rafiki yako wa kwanza, kwa sababu huo unaweza kukujeruhi. Kichwa cha risasi ya .45 kina upana wa karibu milimita 11 na nusu, ilhali tundu la kiwambo chako limetobolewa kupitisha kitu cha milimita 9. Ukilazimisha, risasi itagonga visahani vilivyopangwa ndani na kukipasua kiwambo, na vipande vinaweza kukurukia wewe au aliyesimama kando yako. Kinyume chake ndicho kinachowezekana: kiwambo kilichotengenezwa kwa .45 hufungwa kwenye bastola ya milimita 9 baada ya kuwekewa pistoni, yaani kipande cha kitako chake kinachokazwa kwenye mtutu, inayolingana na mtutu huo.

Hata hivyo rafiki yako hakukosea kila kitu. Risasi ya kawaida ya .45, yenye kichwa cha greni 230, yaani karibu gramu 15, husafiri kwa takriban mita 260 kwa sekunde, na sauti yenyewe husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Risasi nyepesi za milimita 9, zile za greni 115, mara nyingi huupita mwendo huo wa sauti, na ndipo husikika mlio mkali kama wa mjeledi ambao hakuna kiwambo kinachoweza kuuzuia, kwa kuwa unazaliwa hewani, risasi ikiwa imekwisha kutoka. Dawa yake iko kwenye pakiti ya risasi. Nunua za greni 147, ambazo huenda kwa karibu mita 300 kwa sekunde, na bastola yako ya milimita 9 itakuwa imepata ule utulivu ambao rafiki yako anausifia.

Sasa suala la mtutu, ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka. Bastola nyingi za leo hufuata ubunifu wa John Browning: risasi inapolipuka, mtutu na slaidi, yaani kipande cha juu kinachoufunika, hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache, kisha sehemu ya nyuma ya mtutu hushuka na kuiachia slaidi iendelee peke yake, itoe ganda na kupokea risasi mpya. Mtutu wa namna hiyo unahitaji wepesi. Ukiuning'iniza kiwambo cha gramu 300 puani, unazembea kushuka, na bastola inapiga risasi moja kisha inakwama ganda likiwa limebanwa mlangoni. Kwa sababu hiyo viwambo vya bastola huwekewa busta, yaani pistoni na springi katika kitako chake. Wakati wa kufyatua, gesi hukisukuma kiwambo mbele dhidi ya springi, na kwa kitambo hicho kifupi mtutu hauuhisi uzito wake. Hakikisha chako kina busta kabla hujatoa hata dola moja kwa ajili ya bastola. Ukija kukifunga siku moja kwenye silaha ambayo mtutu wake haujongei, springi huondolewa na kuwekwa pete ngumu mahali pake, la sivyo busta huharibika.

Kwa hiyo rafiki yako wa pili yuko nusu ya njia. Mtutu wa kubadilisha unapatikana, lakini tazama thredi zake, yaani mifuo ya skrubu iliyo puani mwa mtutu. Viwanda vya Marekani hutumia kipimo cha nusu inchi chenye thredi 28 kwa inchi, kinachokazwa kuelekea kulia. Mitutu kadhaa ya Ulaya, ikiwamo ya Glock inayotoka kiwandani, hutumia kipimo cha milimita 13.5 kinachokazwa kuelekea kushoto. Kwa macho vinafanana, lakini ukimlazimisha mmoja kwa mwenzake utaviua vyote viwili. Pistoni ya kiwambo ndiyo inayobadilishwa ili ilingane na mtutu. Jambo jingine ni vilengeo: kiwambo ni kinene kuliko mtutu, na vilengeo vya kawaida vikiwa vifupi utakachokiona ni mgongo wa kiwambo tu, huku shabaha imefichika nyuma yake.

Kwa hali yako, ningechukua bastola iliyotoka kiwandani ikiwa tayari, yenye mtutu wa thredi na vilengeo virefu. FN 509 Tactical ni ya namna hiyo, na CZ P-10 F ya toleo lililoandaliwa kwa viwambo pia. Beretta M9A3 naipenda kwa sababu ya pekee: mtutu wake haushuki, bali hurudi nyuma ukiwa umenyooka, na bastola hiyo huvumilia uzito wa kiwambo vizuri. Kasoro yake ni mpini mnene kidogo, na hapa mke wako aulizwe kwanza. Nendeni pamoja dukani, aishike kwa mikono miwili akiwa ameinyoosha mbele kwa dakika nzima, akikumbuka kwamba kiwambo kitaongeza urefu wa karibu sentimita 18 na uzito wote huo utakuwa mbele. Kama mikono inaanza kutetemeka, hiyo si bastola yenu.

Ukishainunua, hatua moja usiiruke. Bastola ikiwa tupu, magazini imetolewa na chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) imekaguliwa, funga kiwambo kisha pitisha fimbo ya kupimia, iliyonyooka na inayolingana na kaliba, kutoka mdomo wa kiwambo hadi ndani ya mtutu, uone kama imekaa katikati ya tundu. Nafundisha watu kulenga shabaha, na mwaka mmoja mwanafunzi aliniletea kiwambo alichodhani kina ubovu wa kiwandani. Nilikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona katika ukingo wa tundu la mbele alama iliyochongeka kama mwezi mwandamo, na ndani yake uzi mwembamba wa shaba ya risasi iliyouparuza. Kilikuwa kimelegea alipokuwa akipiga magazini ya tatu, naye hakukikagua. Kagua kila unapobadilisha magazini, ukiwa umevaa glavu, kwa sababu kinapata moto haraka.

Na vizibo vya masikio usiviache nyumbani. Mlio wa bastola ya milimita 9 hufika karibu desibeli 160, na kiwambo kizuri huushusha hadi karibu 130. Huko ni chini ya 140, kiwango ambacho mlio wa ghafla huhesabiwa kuwa hatari, lakini sikio lililokwisha kuumia halistahili kuachwa wazi kwa risasi mia kila Jumamosi. Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kiwambo mwaka 1909, alikuwa mtoto wa yule Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha, na mzee huyo alizeeka akiwa kiziwi kwa milio ya silaha zake mwenyewe. Miwani pia ni ya lazima, kwani kiwambo hurudisha sehemu ya gesi na masizi usoni kwa mpigaji.

Kuhusu mke wako, kiwambo kimesajiliwa kwa jina lako. Ushuru wa dola 200 uliowekwa mwaka 1934 umefutwa kwa viwambo tangu Januari 1, 2026, ila usajili umebaki palepale. Anaweza kukitumia ukiwa umesimama naye uwanjani, lakini hawezi kukichukua na kwenda nacho peke yake. Kama mnataka nyote muwe na haki hiyo, mwanasheria anaweza kuwaandikia amana ya pamoja (kwa Kiingereza "trust"), yaani hati ya kisheria inayokimiliki kwa niaba yenu wote, nanyi mkaomba kukihamishia humo. Na mkienda Tanga likizo, kifungie kwenye sefu ambayo wewe tu una ufunguo wake. Kukivusha mpaka bila kibali cha serikali ya Marekani ni kosa la jinai hata kabla hamjafika kwenye forodha ya nyumbani.