Kwa Nini Viwanja vya Mnazi Mmoja Havikujengwa Nyumba?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Gerezani, na utotoni nilicheza mpira Mnazi Mmoja hadi adhana ya magharibi. Leo nauza vitambaa Kariakoo, ambako hata kibaraza cha duka hupangishwa, nami najiuliza imekuwaje eneo lile likabaki wazi katikati ya jiji miaka yote hii. Ni nani aliyeliacha, na kwa sababu gani? (Msomaji, Ilala, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, eneo lile halikuachwa kwa ajili ya michezo, wala kwa kuwatakia mema watoto wa Kariakoo. Liliachwa kwa sababu ya ubaguzi. Wajerumani, ambao tangu mwaka 1891 walikuwa na kanuni za kuugawa mji kwa aina ya nyumba, walikuwa wamekusudia kufikia 1914 kuwahamishia Waafrika kwenye mji mpya upande wa magharibi, na kati ya mji huo na mitaa ya Wazungu na Wahindi pawe na ukanda usiojengwa. Vita vikauvuruga mpango huo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, mahali palipotengwa kwa mji mpya pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, jina ambalo wenyeji walilitamka Kariakoo. Kisha katika miaka ya 1920 wakaukamilisha mpango uleule wa Wajerumani.

Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya. Madaktari wa kikoloni walishikilia kwamba watoto wa Kiafrika walibeba vimelea vya malaria, na kwa kuwa mbu haruki mbali, eneo wazi lingewakinga Wazungu. Lakini wapishi na yaya waliowahudumia Wazungu hao walilala uani kwao, kwa hiyo kinga hiyo ilikuwa imetoboka tangu siku ya kwanza, na kilichobaki ni mpaka wa rangi.

Simama Mtaa wa Lumumba, uipe Kariakoo mgongo, utauona mpaka huo kwa macho. Nyuma yako ni mikokoteni, marobota na kelele za wapiga debe. Mbele yako, ng'ambo ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni maghorofa ya Uhindini yenye roshani. Kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa miguu ni dakika chache tu. Hapo ndipo mlipochezea, na kwa maoni yangu watoto waliopiga danadana pale waliubatilisha ule mpango kuliko tamko lolote.

Si kweli, hata hivyo, kwamba hapakujengwa kitu. Ipo shule, ipo hospitali, na upo ukumbi wa Arnautoglu wa miaka ya 1950, uliotolewa na mfanyabiashara wa asili ya Kigiriki, George Arnautoglu. Baada ya uhuru ukasimamishwa Mnara wa Mwenge, na viwanja vikawa mahali pa kuwakumbuka mashujaa na pa kusomea Maulidi, hatua chache kutoka mtaa ambao TANU ilizaliwa mwaka 1954.

Kuhusu michezo yenyewe, habari njema iko kwenye ukanda huohuo, Kidongo Chekundu, ambako mwaka 2015 kilifunguliwa kituo cha michezo cha vijana chenye jina la Rais Jakaya Kikwete, kikiwa na nyasi bandia, kwa ushirikiano na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Ninachosikitikia ni kwamba sehemu kubwa ya bustani ya Mnazi Mmoja sasa imezungushiwa uzio, na mtoto wa Gerezani anayetoka shule saa nane na mpira wa makaratasi kwapani hukuta geti. Nami naamini geti hilo lingefaa kufunguliwa kila alasiri, walau upande ule mliouchezea ninyi.