Tui la mjomba wako: barua kwa mwanangu Khamis

Mwanangu Khamis,

Assalaam alaykum. Wanambia umesoma utafiti kwamba mafuta ya mawese yanaisambaza saratani, na tangu hapo mjomba wako, na kansa yake ya mdomo, analishwa uji mweupe na mchuzi wa maji, bila tui wala tone la mafuta. Wauliza kama mmefanya sawa. Hamkufanya sawa, mwanangu. Mrudishieni tui leo, kisha nisome taratibu.

Uliyoyasoma ni ya kweli, ila yametoka kwa panya wa maabara. Ni kazi ya Salvador Aznar-Benitah na wenzake wa Barcelona. Waligundua kwamba katika uvimbe wa mdomo zipo seli chache zenye protini iitwayo CD36, ambayo ndiyo mlango wa kuingizia mafuta, na ni hizo ndizo zinazohama kwenda kwenye tezi. Walipouziba mlango huo kwa kingamwili, kusambaa kulipungua. Mwaka 2021 wakatenganisha mafuta aina kwa aina. Asidi ya palmitiki, iliyojaa kwenye mawese, ilizidisha kusambaa. Asidi ya oleiki na ya linoleiki hazikufanya hivyo. Tena uvimbe uliotoka kwa panya waliokula mawese kwa muda mfupi tu, ukipandikizwa kwa panya wengine, uliendelea na ukali wake, kana kwamba seli zina kumbukumbu. Hilo ndilo lililonishughulisha kuliko yote.

Lakini tui si mawese. Kwenye gramu 100 za mafuta ya mawese, palmitiki ni kama gramu 44. Kwenye mafuta ya nazi ni 8 au 9. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni aina nyengine, asidi ya lauriki. Kwa hiyo mawese muwekeeni mbali, na lisomeni dumu la mafuta ya dukani: likiandikwa palm, ni mawese yaleyale yaliyosafishwa. Kaangieni alizeti, ambayo kwa kawaida sehemu yake kubwa ni linoleiki. (Wewe uliye mzima, tui la mchana na usiku kila siku ni jingi, linapandisha lehemu mbaya. Hayo tutayazungumza siku nyengine.)

Na lijue hili: uvimbe haungoji kuletewa mafuta. Seli nyingi za saratani zina kimeng'enya FASN kinachotengeneza palmitiki kutokana na sukari. Ule uji mweupe unatosha kuwa malighafi. Ukimnyima mgonjwa mafuta, kinachokonda kwanza ni misuli yake, na mgonjwa aliyekonda hazistahamili dawa wala mionzi; matibabu hukatizwa njiani.

Mgonjwa kama yeye anahitaji kalori 25 hadi 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Ana kilo 50, basi ni kalori 1,250 hadi 1,500 na protini gramu 60 hadi 75. Samaki gramu 200, mayai mawili na gilasi mbili za maziwa humfikisha kwenye 68 hivi. Mafuta ndiyo yanayojaza kalori bila kujaza tumbo, maana kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, na mtu mwenye vidonda mdomoni hamalizi sahani.

Mkeo achemshe changu au jodari kwa chumvi kidogo, atoe miiba yote kwa vidole, tena apitishe mara ya pili, kwani mwiba mmoja kwenye kidonda utamfanya asusie samaki wiki nzima. Amponde samaki huyo pamoja na boga, amimine tui zito mwisho, moto ukiwa mdogo ili lisikatike. Ampe mjomba wako vuguvugu, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Pilipili, ndimu na embe mbichi ziondoke. Tambuu na tumbaku hata kuonja asionje.

Vile vidonge vya mafuta ya samaki alivyonunuliwa, visitishwe kwanza. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionesha mwaka 2011 kwamba asidi moja ya mafuta, yenye kaboni 16, huwafanya panya wasiitikie sisiplatini, dawa ya saratani. Mwaka 2015 wakaikuta asidi hiyo ikipanda kwenye damu ya watu wazima wa afya waliokunywa mafuta ya samaki. Ushauri wao ni kuyaepuka tangu siku moja kabla ya dripu ya dawa ya saratani hadi siku moja baadaye. Daktari wake wa hospitali ya saratani ya Ocean Road aelezwe habari ya vidonge kabla ya dripu yoyote.

Mpime kila Ijumaa asubuhi, kabla hajala, kwa mizani ileile, uandike. Akipungukiwa na kilo 2 na nusu, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, na uulizie mpira wa kulishia kupitia puani.

Mama yako