Haja kubwa kwenye matuta ya Shela: usichimbe, beba ndoo

Ndugu yangu, umeuliza kama kuchimba shimo la shubiri moja kutatosha kwa watu sita watakaolala siku mbili kwenye matuta ya mchanga nyuma ya kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, kisha siku tatu kisiwa cha Kiwayu, kama mlivyozoea mkipanda milimani. Kwa Kiwayu inawezekana, nitakueleza. Kwa Shela, hapana. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Nina miaka kumi na moja nikipeleka wageni kwa mashua. Zamani nilikuwa nawaambia wachimbe, wafukie, basi. Asubuhi moja wakati wa kusi, upepo utokao kusini, niliamka nikakuta upepo umehamisha mchanga wa tuta usiku kucha na karatasi zote ziko juu, zimenasa vichakani. Nilikuwa naziokota kwa kijiti alipopita mzee mmoja akitafuta punda wake. Hakunifokea. Alinishika mkono tukashuka hadi kisima kilicho pembeni mwa mtaa, akateka maji, akanipa kata ninywe. Yalikuwa baridi, hayana chumvi, na huku mawimbi unayasikia. "Mwanangu, haya mai ndiyo tunwayo," akasema, akaelekeza kidole matutani. Nilishindwa kumtazama usoni.

Mvua ikinyesha, matuta yale huyanywa maji, na maji hayo hukaa chini yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hiyo ndiyo akiba ya Shela na ya mji wa Lamu. Udongo wa msituni una mboji na wadudu wengi wa kukila kinyesi kikaisha. Mchanga mkavu hauna hao wa kutosha. Kinyesi hukaa, masika yakija vijidudu vinateremka na maji. Ukichimba zaidi ndiyo unavisogeza karibu na kisima.

Kwa hiyo bebeni ndoo mbili za lita 20 zenye kifuniko kinachobana, na gunia la maranda. Mafundi wa mashua kijijini Matondoni wanayo, na maseremala mjini pia. Tandika maranda chini kabla ya kuanza, na kila mtu akimaliza afunike kwa kopo mbili. Sisi tunaochamba kwa maji tumia kopo dogo moja tu, kisha ongeza maranda mpaka juu pawe pakavu. Ikiwa pakavu, harufu haipo, nzi hawaji. Usitegemee mifuko ya plastiki: ile ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, Kiwayu ikiwemo. Kabla hamjatoka mjini, zungumzeni na mwenye nyumba mwenye choo cha shimo, mlipeni, mkirudi mwage humo. Msimwage kwenye choo cha maji, maranda yataziba bomba.

Msiseme bahari itachukua. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, hupeleka na bamvua hurudisha, na mikokoni ndiko wanawake wanakookota chaza.

Sasa Kiwayu. Ufuoni msichimbe kabisa. Kasa hutaga juu kidogo ya alama ya maji makuu, palepale mtu anapoona mchanga laini wa kuchimba, na jembe moja laweza kuharibu kiota kizima. Ingieni ndani penye udongo mweusi na vichaka, hatua mia moja kutoka ufuoni, kisimani na kwenye njia za watu. Shimo liwe sentimita 15 hadi 20, kila mtu lake. Ulizeni wenyeji jabia ziko wapi. Jabia ni birika, hukusanya maji ya mvua kutoka eneo lililosakafiwa, watu wakayanywa kiangazi kizima, kwa hiyo mtu asijisaidie upande wa juu wake hata kwa mbali. Karatasi, pedi na tishu za maji hazizikwi popote. Zinarudi na ndoo.

Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba Mtume alikataza kujisaidia njiani, kivulini na penye maji ya watu. Huwa nawaambia wageni wote hivyo, Waislamu na wasio Waislamu, na sijaona aliyebisha.

Kunawa: dumu la maji, sabuni ya kipande, na mmoja wenu awe anamwagia wengine kabla ya mtu kugusa sufuria. Watu sita wakila sinia moja, mkono mmoja mchafu unawaharishia wote, na kutoka Kiwayu hadi hospitali ni safari ndefu.

Ndoo msiiache Lamu, mtaihitaji chomboni kwa kuwa kwa tanga mtakuwa baharini siku nzima. Wakati wa kusi upepo utakuwa nyuma yenu mkienda, kwa hiyo ifungeni kwa kamba omo, yaani mbele ya chombo, na dumu la maji ya kunywa likae tezi, nyuma kwa nahodha.