Kutiki ni haki moja, kufuta ni nyingine

Siku nilipokabidhiwa programu yetu ya kusimamia miradi, niliwapa watu wote haki zote. Timu ilikuwa ndogo, tuliaminiana, na kusema kweli sikutaka kupigiwa simu usiku ili nimfungulie mtu cheklisti. Miezi kadhaa ikapita salama. Kisha ikaja kazi ya kuhamishia mfumo wa mteja kwenye seva mpya.

Cheklisti ya kazi hiyo ilikuwa na vipengele 14. Cha 11 kilisema: rejesha nakala rudufu kwenye mashine ya majaribio, hakikisha inafunguka. Jioni nikachungulia, upau wa maendeleo ya kazi umejaa kijani, asilimia 100. Nikaruhusu kazi iendelee. Usiku huohuo hifadhidata ikagoma, tukaikimbilia nakala rudufu, nayo haikufunguka. Nikarudi kwenye cheklisti nimjue aliyetiki kipengele cha 11. Hakuna aliyekitiki. Chenyewe hakikuwepo, vilibaki 13. Mwenzetu mmoja aliona jaribio lile linamchelewesha, akalifuta.

Tazama hesabu yake: 13 kati ya 14 ni kama asilimia 93, lakini ukifuta kile kimoja kilichosalia, 13 kati ya 13 ni asilimia 100. Programu haikudanganya, ilihesabu ilichokikuta. Anayeweza kufuta kipengele kisichotikiwa anaweza kuikamilisha kazi yoyote bila kuifanya, na wala si lazima awe na nia mbaya. Yule mwenzetu hakuwa nayo. Mimi ndiye niliyempa kalamu na kifutio kwa pamoja.

Tangu hapo, nikifungua ukurasa wa ruhusa siulizi tena nani aingie kwenye cheklisti. Nauliza nani aone, nani atiki, nani aondoe tiki ya mwenzake, nani aongeze, nani afute. Programu hazifanani katika hili. Programu-jalizi (nyongeza) ya Checklists inayotumika ndani ya Redmine, programu ya kusimamia miradi, hutenga ruhusa tatu: kuona, kukamilisha na kuhariri, hivyo unaweza kumwacha mtu atiki bila kugusa maandishi. Kwenye Trello, programu nyingine ya aina hiyo inayopanga kazi kama kadi kwenye bodi, mwanachama wa kawaida wa bodi anayeweza kuhariri kadi huweza pia kutiki, kuandika upya na kufuta vipengele vya cheklisti iliyomo. Programu nyingi ndivyo zilivyo: cheklisti haina mlango wake, inapitia mlango wa kazi iliyoibeba. Usikisie, fungua yako ujaribu.

Kipengele ambacho kikirukwa kitaleta hasara, ushauri wangu ni kukitoa kabisa kwenye cheklisti na kukifanya kazi inayojitegemea, yenye mtu wake, tarehe yake na ruhusa zake. Cheklisti ni ya kukumbusha. Ukiifanya mlinzi wa geti itakuangusha.

Baada ya mkasa ule nilikosea upande wa pili. Nikafunga kila kitu, haki ya kuhariri ikabaki kwangu peke yangu. Wiki mbili hazikuisha, watu wakaanza kuandika orodha zao kwenye daftari na kwenye gumzo la kikundi, kwa sababu kuniomba niongeze mstari mmoja kulichukua muda kuliko kuifanya kazi yenyewe. Cheklisti rasmi ikawa ya maonyesho, wanaitiki Ijumaa yote kwa mkupuo. Hali hiyo ilinitisha kuliko ile ya mwanzo, maana sasa hata tiki zilikuwa za uongo. Siku hizi nawaachia wengi waongeze, kwani kipengele cha ziada mara chache kina madhara, na kufuta nawaachia wawili. Asiyeweza kufuta akiona kipengele hakihusiki, anakiacha palepale na kuandika maoni: hakihusiki, kwa sababu hii. Sababu hizo zimenifundisha mengi kuhusu kiolezo chetu, yaani cheklisti ya mfano, kuliko mkutano wowote.

Kanuni ya kumpa mtu haki zinazotosha kazi yake tu si ngeni. Wataalamu wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza mwaka 1975, wakizungumzia ulinzi wa taarifa kwenye kompyuta. Kugawa haki kwa majukumu, kama mtekelezaji au kiongozi, badala ya kwa mtu mmojammoja nako kuliwekwa kwenye mfumo rasmi na David Ferraiolo na Richard Kuhn mwaka 1992. Nawataja kwa sababu nilidhani nikishafuata majukumu nimemaliza. Sivyo. Nililiondolea jukumu la mtekelezaji haki ya kuhariri, na kesho yake mtekelezaji mmoja akahariri kama kawaida. Kumbe alikuwa pia ndani ya kikundi chenye jukumu la kiongozi. Kwenye Redmine, mwenye majukumu mawili katika mradi mmoja hupata jumla ya haki za yote mawili. Lililobana halilishindi lililolegea. Kabla ya kupunguza haki, kagua vikundi kwanza.

Na ukaguzi huo usiufanye kwa akaunti ya msimamizi. Msimamizi anaona kila kitufe, kwa hiyo macho yake hayana ushahidi wowote. Mimi nina akaunti ya majaribio isiyo na cheo, naipa jukumu husika, naingia nayo kwenye kivinjari kingine na kujaribu kufanya kila nilichokikataza. Dakika kumi zinatosha, na karibu kila mara nakuta tundu.

Aliyeondoka kwenye timu, funga akaunti yake, usiifute. Unataka jina lake libaki kwenye tiki alizoweka.

Kama programu yenu haitenganishi haki hata kidogo, kuna hila moja ndogo isiyogharimu kitu, na naitumia mpaka leo: andika idadi ya vipengele kwenye jina la kazi inayobeba cheklisti. Yetu inaitwa “Kuhamisha seva, vipengele 14”. Upau ukijaa kijani na chini yake kuna 13, huhitaji ruhusa ya mtu kuuliza cha 14 kiko wapi.