Maji yakifika magotini, buruta miguu

Nilichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, nikiwa na miaka kumi na sita, na kosa lilikuwa langu. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali, tumekwenda kuchokoa pweza upande wa kaskazini mwa Tanga. Wenzangu waliondoka mapema. Mimi nilinogewa, nikabaki kwenye miamba, na wakati narudi bahari ilishaanza kujaa. Nikawa nakimbilia pwani kwa hatua ndefu, mguu naunyanyua na kuushindilia. Wa kulia ukatua juu ya kitu laini, kikapapatika. Mara moto ukawaka kwenye kifundo.

Niliyoyajua baadaye ningependa kuyajua asubuhi ile. Maji yakikupwa taa wengi hurudi nyuma, wengine hujibana kwenye mapango ya matumbawe, kama yule mwenye madoa ya buluu. Maji yakijaa hupanda nayo hadi kwenye mchanga kutafuta kaa, kamba na minyoo. Kwa hiyo saa ile mimi narudi nyumbani, yeye ndiyo kwanza anakwenda kula, na njia yetu ni moja.

Wa madoa ya buluu utamwona, anang'aa. Mwenye kutesa ni wa rangi ya mchanga, anayejifukia mpaka yakabaki macho na matundu mawili nyuma ya macho. Matundu hayo ndiyo pua yake, tuseme: mdomo uko tumboni, na angevuta maji kwa huko angemeza mchanga, basi huyavuta kwa juu na kuyatoa kwa mashavu yaliyo chini. Ukiona mchanga una visahani vingi, vya duara, yawezekana hapo amekuwa akichimba chakula. Wala hahitaji kukiona. Usoni ana vitundu vidogo vya kuhisi umeme mdogo unaotoka kwenye mwili wa kaa aliyefukiwa.

Mwiba hautumii kuwinda. Uko mkiani, una meno kama msumeno yaliyoelekea nyuma, ndiyo maana unapotoka huchana kuliko ulivyoingia. Ukimkanyaga mgongoni, mkia unapinduka wenyewe. Ukimgusa ubavuni, anaondoka. Ushauri wangu wote umekaa hapo: usinyanyue mguu, uburute mchangani, na fimbo ya kuchokolea itangulie. Atasikia mtikisiko, ataondoka kabla hujafika. Usitegemee viatu vya raba, mwiba unapenya.

Ukishachomwa, maji ya moto. Siku ile mtu mmoja alisema nipakwe mafuta ya taa, nadhani jina ndilo lililomdanganya. Mwingine alitaka kuchanja. Mjomba hakubishana na mtu, alibandika sufuria. Sumu ya taa ni protini, na joto huivunja nguvu. Maji yawe ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, karibu nyuzi 45, mguu ukae humo dakika 30 hadi 90, mkiongeza maji yanapopoa. Lakini ayapime mtu mwingine kwa mkono wake, au wewe kwa mguu usiochomwa. Mguu uliochomwa hauna akili wakati huo, utaubabua bila kujua. Mimi nilikuwa nalia, baada ya kama nusu saa nikaanza kuomba chai.

Maumivu kupoa si kupona. Nenda hospitali watazame kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, wasafishe jeraha na kukuchoma sindano ya pepopunda. Mimi sikwenda hadi siku ya nne, kidonda kilipoanza kutoa usaha, na wiki tatu nilivaa ndara mguu mmoja. Mwiba ukiingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe kabisa, mwahishe mtu hospitali nao. Steve Irwin, yule Mwaustralia wa vipindi vya wanyama, alikufa mwaka 2006 kwa mwiba wa kifuani. Vifo vya namna hiyo ni nadra sana, ila kifua si kifundo.

Wanangu niliwafundisha kuburuta miguu kwenye mchanga mkavu kwanza, kabla ya kuwaingiza majini. Walicheka, wakasema baba anatembea kama amevaa viatu vya babu. Siku hizi wakifika maji ya magoti wananyamaza, wanaburuta.