Re: Madawati 40 yataisha lini?

Mkuu, usizidishe saa 10 za dawati la kwanza kwa 40 ukamwambia mteja 400. Mikono huzoea. Mwaka 1936 mhandisi wa ndege Theodore Wright alionyesha, kwa utengenezaji wa ndege Marekani, kwamba kila idadi ikiongezeka maradufu, wastani wa saa za kazi kwa ndege moja hushuka kwa uwiano uleule, ukabaki kama asilimia 80 ya wastani wa kabla ya hapo.

Wewe umeandika: la kwanza saa 10, wastani wa mawili ya kwanza 9, wa manne 8.1. Hapo uwiano wako ni asilimia 90. Ukiuendeleza mpaka 40, wastani unafika kama saa 5.7, jumla 228 hivi. Ila pointi tatu ni kiduchu mno, mimi ningemtajia mteja 260 kisha nipige hesabu upya dawati la nane likitoka.

Kwenye Excel chora grafu ya wastani wa saa kwa idadi ya madawati, weka mihimili yote miwili ya logi (kila hatua ni kuzidisha, si kujumlisha), pointi zijipange mstari mnyoofu. Ile polinomia (mstari wa kupinda) uliyochora inapita kila pointi vizuri, lakini mbele inapinda kurudi juu! Halafu vanishi ihesabu pembeni, kukauka hakuna uzoefu.